Kiti cha Kukunja cha Ufukweni na Namna ya Kukichagua

Kiti cha kukunja cha ufukweni hufanya kazi mahali pagumu kuliko kiti chochote cha nyumbani. Miguu yake husimama juu ya mchanga usiotulia, fremu yake hupigwa na hewa ya chumvi, kitambaa chake hulowa na kukauka juani mara kadhaa kwa siku moja, na mwenyewe hulazimika kukibeba mkononi kila anapohama. Ulaini wa kitambaa na uzuri wa rangi, mambo mawili yanayomvuta mnunuzi dukani kabla ya mengine yote, ndiyo yenye maana ndogo zaidi. Kinachoamua kama kiti kitafaa ni miguu, aina ya metali ya fremu, kimo cha kikalio kutoka chini, na uzito wa kiti kikiwa kimekunjwa.

Katika pwani ya Afrika Mashariki uzito una umuhimu wa pekee kwa sababu ya maji kujaa na kupwa. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufikia kadiri ya mita 3 hadi 4 Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Pale ufuo ulipo tambarare, kama Paje na Jambiani, maji hurudi nyuma mamia ya mita na kuacha uwanda mtupu. Nungwi na Kendwa hayaendi mbali hivyo. Familia iliyotandaza vitu vyake asubuhi hatua chache kutoka majini itahama zaidi ya mara moja kabla ya alasiri, ama kuyafuata maji yanayopwa, ama kuyakimbia yanayojaa. Kiti kizito huachwa mahali pake baada ya safari ya kwanza, na mwenye nacho huishia kukaa mchangani. Kwenye maziwa hali ni tofauti. Mwanza, Entebbe, Kigoma au Bujumbura maji hayajai wala hayapwi kwa kiasi cha kuonekana, tena hayana chumvi ya kula chuma, kwa hiyo kiti kizito zaidi na cha bei nafuu zaidi huweza kutosha kabisa.

Viti vinavyouzwa kwa kazi hii ni vya namna chache. Kinachoonekana kwa wingi ni kile ambacho miguu yake yote hukusanyika kuwa fungu moja la bomba na kutiwa kwenye mfuko mrefu wenye mkanda wa begani. Kina uzito wa kilo 3 hadi 4 na nusu, hufunguka kwa sekunde chache, na mara nyingi kina tundu la kuwekea chupa kwenye mkono. Kilitengenezwa kwa ajili ya kambi na viwanja vya michezo, yaani ardhi ngumu, na hapo ndipo penye kasoro yake. Kingine ni kiti kifupi cha bomba za alumini kinachojikunja na kuwa bapa, chenye mikanda ya kubebea mgongoni na egemeo linaloweza kulazwa kwa hatua tatu au nne. Hiki kilikusudiwa mchanga tangu mwanzo. Cha tatu ni kiti cha vijiti: vijiti vya alumini vilivyounganishwa ndani kwa uzi wa mpira huchomekwa, kisha kitambaa kikavishwa juu yake. Kizima hakizidi sana kilo moja na huingia ndani ya begi la kawaida la mgongoni. Cha nne ni kile cha zamani cha mbao na turubai, kilichoenea kwenye sitaha za meli na fukwe za Uingereza baada ya John Thomas Moore kupata hataza ya kiti cha kukunja mwaka 1886. Cha nne kinapendeza barazani na hotelini, lakini ni kizito, turubai lake humzamisha mtu hadi akashindwa kuinuka, na fremu yake inajulikana kwa kubana vidole.

Viti vingi kati ya hivi hutegemea ufundi uleule wa mbuzi ya kukunia nazi: vipande viwili vinavyopishana na kushikwa na kifundo kimoja katikati. Ufundi huo ni mzuri kwa sababu uzito wa mkaaji wenyewe hukaza kiti, lakini pia hukusanya mzigo wote kwenye kifundo. Ndiyo maana mnunuzi mwangalifu hutazama vifundo kabla ya kutazama kitu kingine.

Miguu ndiyo inayotofautisha kiti cha ufukweni na kiti cha bustanini. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha sababu. Mtu wa kilo 80 akikalia kiti cha kilo 4 chenye miguu minne ya duara ya kipenyo cha sentimita 2.5, nyayo zote nne kwa pamoja hazizidi sentimita 20 za mraba, kwa hiyo kila sentimita ya mraba hubeba zaidi ya kilo 4. Mchanga mkavu hauwezi kustahimili hivyo, mguu huzama. Miguu hiyo ikivikwa vikombe vya mpira vyenye kipenyo cha sentimita 5, eneo huongezeka mara nne na mzigo hushuka hadi karibu kilo moja kwa kila sentimita ya mraba. Lakini kiti ambacho miguu yake imeunganishwa chini kwa bomba mbili za kulala, kila moja ya sentimita 50, hukalia takriban sentimita 250 za mraba, na mzigo huwa theluthi moja tu ya kilo. Kiti cha aina hiyo hutua juu ya mchanga na kutulia.

Kuzama kwenyewe si tatizo kubwa kuliko kuzama kwa upande mmoja. Mkaaji anapoegemea nyuma, miguu ya nyuma hutangulia kushuka. Anapojinyoosha kuchukua maji au kumvuta mtoto, mguu wa upande huo hushuka peke yake. Fremu hujipinda, ribiti hulegea, na mtu mzima huweza kupinduka kichwa kikiwa chini. Mchanga mweupe laini, kama ule wa Diani au Kendwa, ni mwepesi kupisha mguu sehemu ya juu ambako maji hayafiki. Mchanga uliotoka kuachwa na maji ni mgumu na hubeba hata kiti chenye miguu myembamba. Anayemiliki tayari kiti cha miguu minne hana haja ya kukitupa. Mipira minne ya tenisi iliyotobolewa na kuvikwa miguuni, au vipande viwili vya ubao vilivyowekwa chini ya miguu ya mbele na ya nyuma, huondoa sehemu kubwa ya kero hii.

Baada ya miguu huja metali. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ni cha bei nafuu na kigumu, na kwa miezi ya mwanzo hakionyeshi dosari. Kutu huanza pale rangi inapokwaruzwa: kwenye vifundo vinavyosuguana, kwenye ncha za miguu, na ndani ya bomba ambako hakuna rangi kabisa na ambako maji ya chumvi hubaki bila kukauka. Kiti cha chuma huweza kuonekana kizima kwa nje huku bomba limeliwa ndani, na siku ya kuvunjika huvunjika bila onyo. Alumini ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma kwa ujazo uleule, na hujitengenezea utando mwembamba unaoilinda. Kwa matumizi ya baharini ndiyo ya kuchaguliwa.

Hata hivyo, neno alumini kwenye lebo halitoshi. Watengenezaji wengi hutumia bomba za alumini na kuzifunga kwa ribiti au skrubu za chuma. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, umeme mdogo hupita kati yake na mojawapo huanza kuliwa. Hapa huliwa alumini inayoizunguka ribiti. Unga mweupe kuzunguka kifundo ni dalili ya ugonjwa huo, na tundu hupanuka polepole hadi kifundo kikacheza. Njia rahisi ya kuchunguza ni kwenda dukani na sumaku ndogo, hata ile iliyotolewa kwenye spika mbovu. Isiponata kwenye bomba, bomba si chuma cha kawaida. Ikinata kwenye ribiti, ribiti ni za chuma na zitahitaji kuangaliwa mara kwa mara. Unene wa bomba nao una maana: bomba pana lenye ukuta mwembamba kama karatasi hubonyea likigongwa na mlango wa gari, na likishabonyea hukunjika hapohapo siku moja.

Kitambaa kinahitaji maneno machache zaidi kuliko kinavyopewa na wauzaji. Turubai la pamba hupumua vizuri na halichomi ngozi, lakini hunyonya maji, huchelewa kukauka na kushika ukungu likikunjwa bichi. Nailoni ni imara ikiwa kavu, ila hulegea ikilowa, na kikalio kilichokuwa kimekaza asubuhi huwa mfuko jioni. Poliesta hustahimili jua na maji kuliko nailoni, na ndiyo inayofaa wengi. Namba kama 600D iliyoandikwa kwenye lebo hueleza unene wa uzi: ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa ina maana ya uzi mnene zaidi. Kilicho bora kuliko vyote kwa anayeingia na kutoka majini ni wavu mgumu wa poliesta iliyopakwa plastiki. Maji hupita, upepo hupita, mchanga hudondoka, na kiti hukauka kabla ya safari ya kurudi nyumbani. Rangi nyeusi na buluu iliyokoza hupata joto kali juani. Kwenye jua la pwani yetu mtoto aliyevaa nguo ya kuogelea hawezi kukalia kiti cheusi kilichoachwa wazi adhuhuri.

Mshono uangaliwe kwenye pembe, pale kitambaa kinapoishikilia fremu. Uzi uwe umepita mara mbili, na ncha za mikanda ziwe zimeshonwa kwa mraba wenye msalaba ndani yake. Mshono mmoja ulionyooka huachia wote mara nyuzi mbili tatu zinapokatika.

Raha ya mwili huanza na kimo cha kikalio, na hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa kununua viti vya namna moja kwa watu wote. Kiti kifupi, chenye kikalio cha sentimita 20 hadi 30 kutoka chini, kinamfaa kijana anayependa kunyoosha miguu mchangani. Ni imara, hakipeperushwi ovyo, na ni chepesi. Lakini kumketisha bibi mwenye magoti mabovu kwenye kiti hicho ni kumfunga mahali. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga, kuinuka kunadai nguvu za mapaja ambazo wazee wengi hawana tena, na mzee mwenye haya atavumilia kiu au haja ndogo kuliko kuwaita wajukuu wamnyanyue kila mara. Mama mjamzito yuko katika hali hiyohiyo. Kwa watu hawa kikalio kiwe cha sentimita 40 hadi 45, karibu sawa na kiti cha mezani, na uzito unaoongezeka ubebwe na vijana. Kuwa na viti viwili vifupi na kimoja kirefu ni uamuzi wa busara kuliko vitatu vinavyolingana.

Mikono ya kiti ni msaada wa kuinukia kabla ya kuwa mahali pa kupumzishia viwiko. Mikono ya kitambaa kilichotandikwa kati ya bomba mbili hunywea mtu anapoisukuma, na mzee hukosa mahali pa kutegemea. Inayofaa ni ya mbao, plastiki ngumu au bomba. Kikalio nacho kisiwe kirefu kupita paja. Mkaaji akiwa ameegemea kabisa, vidole viwili au vitatu vipite kati ya ukingo wa mbele na sehemu ya nyuma ya goti. Visipopita, damu hubanwa na miguu hufa ganzi. Bomba la mbele lililopita chini ya mapaja huleta taabu hiyohiyo kitambaa kinapolegea, hata kama siku ya kununua halikugusa. Upana wa sentimita 50 au zaidi kati ya mikono unawatosha watu wazima wengi, ila mtu mnene ajaribu mwenyewe bila kutegemea namba. Egemeo linalofika mabegani linatosha kwa mazungumzo na kula. Anayetaka kusoma au kusinzia anahitaji linalofika kichwani na linaloweza kulazwa.

Uwezo wa kubeba ulioandikwa kwenye lebo, mara nyingi kilo 100 hadi 120, ni wa mtu aliyetulia. Mtu anayejitupa kitini, au anayempakata mtoto, hukipa kiti mzigo mkubwa zaidi kwa muda mfupi. Ni vyema kuacha pengo la kilo 20 au 30 kati ya uzito wa mkaaji na namba ya lebo. Na kiti kisicho na namba yoyote kichukuliwe kuwa cha mtoto.

Namna ya kufika ufukweni iamue umbo la kiti kikiwa kimekunjwa. Mwenye gari hana tabu. Anayepanda daladala au matatu, au anayevuka kwa kivuko cha Kigamboni au Likoni kwa miguu katikati ya msongamano, anahitaji kiti kisichogonga watu. Fungu la sentimita 90 linalobebwa begani hujigeuza kila mwenye nalo anapogeuka, na juu ya bodaboda ni hatari kwa abiria na kwa wapita njia. Kiti bapa chenye mikanda miwili ya mgongoni huiacha mikono yote huru kushika mtoto na kapu la chakula, na kwa familia isiyo na gari hicho ndicho cha kutangulizwa. Msafiri wa peke yake atafurahia kiti cha vijiti, mradi akivike nyayo pana na akubali kutumia dakika mbili tatu kukifunga na kukifungua.

Dukani, iwe Kariakoo au kwenye duka kubwa lenye kiyoyozi, kiti kikaliwe kabla ya kulipiwa. Muuzaji mwenye kiti kizuri hatakataa. Mnunuzi akae dakika kadhaa, si kugusa na kuinuka. Ajisogeze kushoto na kulia akisikiliza mlio wa vifundo. Aegemee kwa nguvu. Kisha ainuke bila kushikilia kitu kingine. Akikunje na kukifungua mwenyewe mara kadhaa, maana kinachomshinda dukani kitamshinda zaidi ufukweni kwenye upepo, mikono ikiwa na mchanga na mafuta ya nazi. Atazame pia kama kuna mahali ambapo vyuma viwili vinakutana kama mkasi karibu na mahali mtoto anapoweka mkono. Kwa kiti cha egemeo linalolazwa, kila hatua ijaribiwe mtu akiwa amekaa, kwa sababu meno ya plastiki yaliyo mafupi huteleza uzito unapokuja.

Ufukweni kwenyewe, kiti kigeuzwe mgongo upepo unakotoka. Kati ya Desemba na Machi kaskazi huvuma, na kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba; katika miezi ya kusi kiti chepesi kisicho na mtu hupinduliwa kwa urahisi na huweza kumjeruhi mpita njia, kwa hiyo anayekwenda kuogelea akilaze kwanza. Kivuli kitafutwe chini ya mvinje au mkungu. Mnazi unavutia kwa picha, lakini nazi na makuti huanguka bila kuangalia aliye chini, na kiti hakipaswi kuwekwa chini ya mnazi wenye matunda. Jioni viti vyote viondolewe. Katika fukwe wanakotaga kasa, kama Watamu na kisiwa cha Juani karibu na Mafia, kiti kilichoachwa usiku humzuia kasa anayepanda kutaga, na huwakwaza watoto wa kasa wanaotafuta njia ya kwenda baharini.

Utunzaji hauchukui hata robo saa. Kiti kioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, na tahadhari ni hii: visima vingi vya pwani vina maji ya chumvichumvi, na kukiosha kwa maji hayo ni kukirudishia kilichoondolewa. Maji ya mvua au ya bomba ni bora. Mchanga usukumwe kutoka kwenye vifundo kwa maji mengi, si kwa kitambaa, kisha kiti kisimamishwe kichwa chini ili bomba zimwage maji yaliyoingia ndani, na kikauke kivulini kabla ya kurudishwa mfukoni. Vifundo visipakwe mafuta ya kupikia wala ya mashine, kwa sababu mafuta hunasa mchanga na mchanga hula metali. Nta ya mshumaa ikisuguliwa kidogo kwenye kifundo kikavu hukilainisha bila kunasa mchanga.

Sehemu zinazotangulia kuharibika hutengenezeka kwa mafundi wa mtaani. Fundi viatu hushona upya mikanda na pembe kwa uzi wa nailoni; fundi wa viti vya magari hubadilisha kikalio kizima kwa kitambaa kilicho imara kuliko cha kiwandani. Ribiti iliyolegea hutolewa kwa keekee na mahali pake kutiwa boliti ya chuma kisichoshika kutu, yenye nati ya kujifunga na washa ya plastiki kila upande ili metali mbili zisigusane. Bomba likivunjika, tofauti ya metali hurudi tena. La chuma huchomelewa na fundi yeyote. La alumini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 tu, chini ya nusu ya joto la chuma, na fundi asiye na mashine ya gesi inayofaa hulitoboa badala ya kuliunga. Kwa kiti cha alumini, basi, dawa ya bomba lililovunjika ni kuchomeka kipande cha bomba jembamba ndani yake na kukifunga kwa boliti mbili, au kukitumia kiti hicho kama akiba ya vipuri vya kingine cha aina yake.